Jirani wa Kiti cha Pili: Maswali na Majibu ya Wasomaji

Mwezi huu nimezikusanya pamoja barua nne ambazo, ingawa zimetoka miji iliyo mbalimbali, zinaulizia jambo moja: mtu atazungumzaje na asiyemjua, na mazungumzo hayo yanaweza kumfikisha wapi. Barua nimezifupisha, na majina ya waandishi nimeyaacha.

SWALI: Je, zama za mazungumzo ya safarini zimepita?

Shikamoo Mshauri. Mimi ni mwanamke, mhasibu katika ofisi moja ya serikali jijini Dodoma, na kwa kuwa familia yangu iko Dar es Salaam, nasafiri mara kwa mara kwa treni ya mwendokasi. Mama yangu, ambaye miaka ya nyuma alifanya biashara ya vitenge kati ya Dar es Salaam na Kigoma kwa treni ya reli ya kati, hakuwahi kurudi nyumbani bila jina jipya mdomoni: huyu alimwonyesha duka la jumla, yule alimuuguza alipopata homa njiani, mwingine hadi leo hutuletea mawese. Mimi nimekwisha kusafiri na mamia ya watu na sijui jina la hata mmoja. Kila mtu ameinamia simu, nami pia. Wenzangu kazini wananihimiza nitafute koneksheni, lakini nikifikiria kumsemesha mtu naona nitamsumbua, au atadhani nina shida. Je, zama hizo zimepita? Na kama hazijapita, mtu anaanzia wapi?
— Mhasibu, Dodoma

JIBU: Marahaba, mwanangu. Zama hazijapita, ila mazingira yaliyowalazimisha watu kuzungumza yamepungua. Treni aliyopanda mama yako ilipita usiku njiani kabla ya kufika Kigoma, mwisho wa reli ambayo Wajerumani waliifikisha huko mwaka 1914. Ndani ya behewa la daraja la tatu watu walilazimika kuombana nafasi ya mzigo, kuangaliziana watoto na kupokezana chenji dirishani treni iliposimama. Wewe, tangu safari za kwenda Dodoma zilipoanza Julai 2024, unafika kwa saa chache, kiti chako kina namba, mzigo una mahali pake, na hakuna anayehitaji msaada wa jirani yake kwa lolote. Sababu ya kuzungumza ambayo mama yako aliipata bure, wewe itakubidi uitafute mwenyewe.

Hofu yako ya kusumbua watu ni ya kawaida mno, na imechunguzwa. Mwaka 2014 wanasaikolojia Nicholas Epley na Juliana Schroeder wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha matokeo ya majaribio waliyoyafanya kwa abiria wa treni na mabasi ya eneo hilo. Baadhi ya abiria waliombwa wazungumze na mtu wasiyemjua, wengine wakae peke yao kimya, na wengine wasafiri kama walivyozoea. Watu walioombwa kukisia tu ni safari ipi ingependeza zaidi walisema ni ile ya ukimya. Lakini katika wale waliosafiri hasa, waliozungumza ndio walioifurahia safari zaidi. Kinachonivutia mimi ni kwamba waliokisia walidhani zaidi ya nusu ya abiria wenzao wasingependa kusemeshwa, ilhali miongoni mwa walioombwa kuzungumza hakuna aliyeripoti kukataliwa. Ina maana kila mmoja alinyamaza kwa kumheshimu mwenzake, na mwenzake naye alinyamaza kwa kumheshimu yeye. Jaribio kama hilo lilirudiwa baadaye kwa abiria wa London, mji ambao watu wake hawasifiki kwa kusemeshana njiani, na mwelekeo wa matokeo ukawa ule ule.

Wasiwasi hauishii hapo. Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2018 na Erica Boothby na wenzake, ulionyesha kwamba hata mazungumzo yakishakwisha, watu kwa wastani hudhani hawakumpendeza mwenzao kwa kiasi walichompendeza kwa kweli. Kwa hiyo ukishuka Dodoma ukijilaumu kwamba umesema upuuzi, jua kwamba inawezekana kabisa jirani yako naye anajilaumu vivyo hivyo huku akitafuta bodaboda.

Sasa, pa kuanzia. Anza na salamu, na hapa sisi tumebarikiwa kuliko hao wa Chicago, maana mtu wa kule ni lazima abuni neno la kwanza, ilhali sisi tumelirithi, na asiyelitumia ndiye anayeshangaza watu. Ukimkuta mtu mzima ameketi, mpe shikamoo kabla hujakaa. Ukimkuta wa rika lako, muulize habari za asubuhi. Salamu peke yake haitoshi, kwa kuwa mtu anaweza kuitikia na kurudi kwenye simu yake, lakini imekwisha kulifungulia njia neno la pili, hata likija baada ya saa nzima. Neno hilo la pili lihusu kitu mnachokiona wote wawili, au kitu alichonacho yeye na anachokifahamu kuliko wewe. Usianze na "Unafanya kazi wapi?" Swali hilo, hasa katika treni inayokwenda makao makuu ya nchi, linamfanya mtu ahisi anapimwa kama ana faida ya kuzungumza naye au hana.

Nitakupa mfano niliouona kwa macho yangu. Katika treni ya kutoka Dodoma, mzee mmoja alikuwa ameweka miguuni fungu la vijiti vilivyoviringishwa ndani ya gunia bichi, na kila baada ya muda aliinama akalinyunyizia gunia maji ya chupa kwa ncha za vidole, kama mtu anayepiga pasi shati la pamba. Kijana wa kiti cha pili alimtazama kwa chati kwa muda mrefu, mpaka tulipoingia kwenye mahandaki ya Kilosa, madirisha yakawa meusi na watu wakainua vichwa vyao. Ndipo akauliza, "Samahani mzee, hiyo ni mihogo?" Mzee alicheka hadi akavua kofia. "Mihogo! Mwanangu, ukisikia napeleka mihogo Pwani, ujue nimechanganyikiwa." Zilikuwa pingili za mzabibu. Akaeleza jinsi mzabibu unavyokatiwa matawi, jinsi Dodoma wanavyovuna zabibu mara mbili kwa mwaka, na kwamba pingili zile alikuwa akimpelekea shemeji yake wa Bagamoyo akajaribu kuzipanda, ingawa yeye mwenyewe hakuwa na imani na unyevu wa huko. Kijana, kumbe, alikuwa fundi wa pampu za maji. Na mzee, kumbe, alikuwa na jirani huko Hombolo ambaye pampu ya kisima chake ilikuwa imekufa. Kabla hatujafika Morogoro, jirani huyo alikuwa amekwisha kupigiwa simu.

Angalia kijana yule alivyofanya. Hakuwa akitafuta kazi. Aliuliza swali ambalo jibu lake hakulijua, tena akakosea, na kukosea kwake kukampa mzee nafasi ya kuwa mjuzi. Watu wengi huogopa kuuliza mpaka wawe na swali la maana, kumbe swali dogo la mtu asiyejua ndilo rahisi kujibiwa, kwa kuwa halimdai mjibuji chochote zaidi ya kile anachokifahamu tayari.

Na ile simu ya Hombolo si bahati nasibu tupu. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha makala iliyokuja kuwa maarufu sana katika fani yake, akionyesha kwamba habari mpya hutufikia zaidi kupitia watu tunaofahamiana nao kwa mbali kuliko kupitia marafiki wa karibu. Katika watu aliowahoji huko Newton, jimbo la Massachusetts, ambao walikuwa wamepata kazi kwa kuelekezwa na mtu, ni asilimia 16.7 tu walioelekezwa na mtu waliyekuwa wakionana naye mara kwa mara, asilimia 55.6 walikuwa wakionana naye mara chache chache, na asilimia 27.8 kwa nadra sana. Sababu yake inaeleweka bila hesabu. Wale unaokula nao chakula cha mchana ofisini wanajua yale yale unayoyajua wewe, wamesikia tangazo lile lile, na wanalalamikia mkubwa yule yule. Mzee wa zabibu anaishi katika ulimwengu ambao ofisini kwenu hakuna mwenye habari zake.

Kuhusu ushauri wa wenzako wa kutafuta koneksheni, hapo nitakuwa mkali kidogo. Mtu anayeingia kwenye mazungumzo akiwa na hesabu ya kuondoka na kitu hujulikana haraka: anauliza cheo kabla ya jina, anasikiliza kwa jicho linalotembea behewani likimtafuta mwenye cheo zaidi, na akigundua kwamba jirani yake ni mama aliyekwenda kumwona mjukuu, anarudi kwenye simu. Mtu huyo hupata namba nyingi za simu na hakuna hata moja inayopokewa. Mama yako hakupata duka la jumla kwa kulitafuta behewani. Alilipata kwa sababu alikubali kumshikia mtu mtoto. Nakushauri uzungumze na mtu kwa ajili ya saa hizo mlizo nazo pamoja, na lolote litakalozuka baada yake ulipokee kama nyongeza.

Tena usiusahau utani, maana ni leseni ya kusemezana ambayo nchi nyingi hazina. Mpare na Mchaga wakishajuana hawahitaji utangulizi wa kurushiana maneno. Ndivyo ilivyo kwa Mzaramo na Mnyamwezi, ambao utani wao huhusishwa na misafara ya wapagazi iliyokuwa ikishuka kutoka bara hadi pwani katika karne ya 19. Na kwa asiyetaka kuulizana makabila, mechi ya Simba na Yanga ya wikendi iliyopita inatosha kulichangamsha behewa zima. Ila utani uje baada ya salamu, na uanze na mtu aliyekwisha kuonyesha kwamba anacheka.

Ukiona treni bado inakuwia nzito, jizoeze kwanza mahali ambapo mazungumzo ni desturi. Ningekuelekeza kwenye kijiwe cha kahawa, lakini tuseme ukweli, vijiwe vingi vya kahawa ni vya wanaume, na hata pale Jaws Corner, Mji Mkongwe wa Zanzibar, mwanamke anayeketi kunywa kahawa mara nyingi ni mtalii. Wewe una saluni, una muuza mboga wa karibu na nyumbani, una mlinzi wa getini ambaye huenda humjui hata jina. Gillian Sandstrom na Elizabeth Dunn walifanya jaribio katika mkahawa mmoja wa Vancouver, wakawaomba baadhi ya wateja wamtazame muuzaji usoni, watabasamu na kuzungumza naye kidogo, na wengine wanunue kahawa haraka na kuondoka. Waliozungumza waliondoka wakiwa na furaha zaidi. Maneno mawili na muuza mchicha hayatakupa kazi wala mchumba, lakini yatauzoesha ulimi, na siku ya safari neno la pili halitakuwa zito.

SWALI: Mpaka uko wapi?

Habari, Mshauri. Mimi ni muuguzi hapa Nairobi na kwa asili ni mtu wa kuongea na kila mtu. Lakini mwaka jana rafiki yangu alipewa juisi na abiria mwenzake kwenye basi la usiku la kwenda Kisumu, akazinduka hospitalini bila simu wala pesa. Mimi mwenyewe, nikimjibu mwanamume kwenye matatu kwa heshima, mara tatu kati ya nne mwisho wake ni kuombwa namba ya simu kwa kulazimishwa. Sasa nimeanza kuvaa visikizi masikioni hata kama sisikilizi chochote. Je, niendelee hivyo, au kuna namna ya kuwa mkarimu bila kujiponza?
— Muuguzi, Nairobi

JIBU: Nzuri, dada, na pole sana kwa yaliyompata rafiki yako. Vaa visikizi vyako siku ambayo huna nguvu za kuongea. Hakuna mtu mwenye haki ya kudai mazungumzo yako. Lakini kwa kuwa unasema kuongea ni asili yako, nisingependa wezi wakunyang'anye na hilo.

Tenganisha maneno na vitu. Maneno unaweza kuyapokea kwa mtu yeyote. Kitu cha kutia kinywani, hata peremende ikiwa bado imefungwa, usikipokee kwa mtu uliyekutana naye barabarani, na usione haya kukikataa: "Asante, nimefunga" au "Asante, daktari amenikataza" ni majibu ambayo mtu mwema hatayahoji. Anayehoji, anayekusukumizia mara ya pili na ya tatu, amekwisha kukueleza yeye ni nani. Watu wa Nairobi mnajua mambo ya kuwekewa "mchele", yaani dawa ya kulevya kwenye kinywaji, kuliko mimi, kwa hiyo sitarefusha. Nitaongeza tu kwamba simu yako usimwazime mtu "apige mara moja", na kwamba mji unaoshukia unaweza kuutaja, lakini nyumba unayofikia, siku utakayorudi na shughuli inayokupeleka, ikiwa inahusu pesa, vibaki kuwa vyako.

Tapeli naye ni hodari wa mazungumzo, pengine kukushinda, kwa hiyo usimpime kwa ucheshi wake. Mpime kwa haraka yake. Mazungumzo ya kawaida hayana pa kwenda: yanatoka kwenye mvua yanaingia kwenye bei ya unga, yanalala, yanaamka. Mazungumzo ya tapeli yana safari, na dakika chache hazipiti kabla hujaona anakuvuta mahali fulani, iwe ni kwenye biashara, kwenye shida yake, au kwenye kona tulivu ya kituo. Dalili nyingine ni mtu wa tatu anayejitokeza "kwa bahati" kuthibitisha maneno ya wa kwanza. Huku Tanzania tuna wale matapeli wa ujumbe wa simu wa "tuma kwa namba hii", na wanaotumia midomo stendi ni ndugu zao wa damu.

Kuhusu wanaume na namba, jaribu kuyafanya mazungumzo yawe ya watu watatu. Ukisemeshwa, jibu kwa sauti inayofika kiti cha nyuma na umwingize mama aliyekaa hapo: "Mama, hata kwenu mvua imenyesha?" Mwenye nia njema atafurahi kikundi kikikua, mwenye nia nyingine atanyamaza. Akishaomba namba, jibu fupi linatosha: "Mimi sitoi namba, lakini safari njema." Huwiwi sababu. Ukiona kweli ni mtu ambaye mngefaana, labda ana shamba la nyanya na wewe una chama kinachotafuta muuzaji, basi chukua yake na uamue nyumbani. Chunga tu jambo moja ambalo kwetu Tanzania si zito lakini kwenu lina kovu: usianze kwa kumuuliza mtu kwao ni wapi au jina la baba yake. Baada ya machafuko ya uchaguzi ya mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008, wapo wanaolisikia swali hilo kama ukaguzi, hata likiulizwa kwa tabasamu.

Na wanaume wanaosoma ukurasa huu wanisikilize kidogo. Mwanamke akikuitikia salamu, amekuitikia salamu. Wapo wanawake wengi ambao wangependa kuwaambia kuhusu njia ya mkato ya kwenda hospitali, au fundi mzuri wa friji, na hawawaambii kwa sababu waliotangulia waliharibu.

SWALI: Nimemuumiza mzee wa watu?

Assalaam alaykum. Mimi ni fundi wa viyoyozi, mzaliwa wa Likoni, na sasa nafanya kazi Muscat. Siku moja katika soko la Mutrah nilimwambia mwenzangu kwa Kiswahili kwamba bei niliyotajiwa ni ya kunyonga. Mzee mmoja aliyevaa kanzu akageuka na kuniambia, "Bei ya kwanza hailipwi, mwanangu. Toa nusu, kisha enda zako, atakuita." Kweli niliitwa. Tangu siku hiyo hunikaribisha kahawa Ijumaa, na anazungumza Kiswahili kizuri kuliko changu. Aliniambia amezaliwa Unguja. Wiki chache zilizopita nikamuuliza kwa nini aliondoka. Alinyamaza, akalaza kikombe, akabadilisha mazungumzo. Bado ananipokea vizuri, lakini nahisi nimevunja kitu. Nifanye nini?
— Fundi, Muscat

JIBU: Waalaykum salaam, ndugu yangu. Hujavunja kitu, angekuwa ameumia kiasi cha kukukata, asingekutilia kahawa Ijumaa iliyofuata. Ila uligusa jambo kubwa kuliko ulivyodhani.

Oman na pwani yetu zina historia ndefu, tangu Seyyid Said alipohamishia makao yake Unguja katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, na kabla yake pia. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 watu wengi wenye asili ya Oman waliondoka Zanzibar, wengine wakiwa wamepoteza jamaa na mali. Kisha Sultani Qaboos aliposhika madaraka mwaka 1970, aliwaita nyumbani Waomani waliokuwa nje, na wengi wakaja kutoka Zanzibar, Tanganyika ya zamani, Kenya, na hata Burundi, Rwanda na Kongo. Wengi wao walifika wakizungumza Kiswahili kuliko Kiarabu, wakalazimika kuanza upya katika nchi ya babu zao. Ndiyo maana utakisikia Kiswahili hospitalini, ofisini na sokoni huko, kikisemwa na watu ambao kwa mavazi yao usingewadhania. Na ukienda Unguja utakutana na familia nyingine zenye kumbukumbu zao chungu za miaka ya kabla ya 1964. Swali la "kwa nini" linamtaka mzee wako aseme yupo upande gani wa hayo yote, kwenye mkeka wa kahawa, mbele ya kijana aliyemjua kwa sababu ya bei ya sokoni.

Muulize "wapi" na "nini". Alikulia mtaa gani, chuo cha Kurani alisoma kwa nani, walikuwa wakiogelea sehemu ipi, Siku Kuu walikwenda Mnazi Mmoja wamevaa nguo gani, urojo wa wakati ule ulikuwa na nini ambacho huu wa sasa hauna. Kwa maswali hayo atachagua mwenyewe umbali wa kwenda, na siku akitaka kufika 1964 atafika bila kuvutwa. Nawe umlipe kwa habari za kwenu, maana hadi sasa, kwa barua yako, yeye ndiye anayetoa kila kitu: ushauri, kahawa, kumbukumbu. Mweleze kivuko cha Likoni kilivyo siku hizi. Ukienda likizo, mrudie na mabuyu na kashata za Mombasa. Kama dhamiri bado inakusuta, mwambie mara moja tu, "Mzee, siku ile niliuliza jambo zito, niwie radhi," kisha uulize kuhusu mpira. Radhi ndefu itamlazimisha akufariji wewe, na hilo si haki.

SWALI: Nami nizungumziwe upande wa pili

Mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu. Napenda watu, lakini katika safari yangu ya mwisho kutoka Iringa hadi Mbeya jirani yangu alinisimulia kesi yake ya kiwanja tangu tulipoondoka mpaka tulipofika. Mtu anamalizaje mazungumzo bila kumvunjia mwenzake heshima?
— Mwalimu mstaafu, Mbeya

JIBU: Shikamoo, mwalimu. Faraja ya kwanza ni kwamba huenda hata yeye alichoka. Mwaka 2021 Adam Mastroianni na wenzake walichapisha utafiti juu ya mazungumzo ya watu wawili wawili, wakakuta kwamba ni takriban asilimia 2 tu yaliyomalizika kwa wakati ambao wote wawili walitaka yamalizike. Mengine yalirefuka au yalikatika, kwa sababu kila mmoja aliyaficha matakwa yake ili asimuudhi mwenzake.

Kwa hiyo sema wewe kwanza, na useme mapema, kabla uchovu haujaingia sautini. Subiri afike mahali pa kupumua, mrudishie jambo moja alilolisema ili ajue ulikuwa ukisikiliza, kisha uombe ruhusa: "Hilo la hakimu kuhamishwa kwa kweli limekuchelewesha, pole sana. Sasa niruhusu nipumzishe macho kidogo, mwenzio nimeamka alfajiri." Funga macho kweli, hata kama huna usingizi. Kwa umri wako una nafasi nyingine ambayo vijana hawana, nayo ni kumpa ushauri mmoja ulio wazi, kwa mfano kwamba apeleke hati zake baraza la ardhi la wilaya, kwa sababu wengi wenye kesi husimulia hadi wapate neno la mtu mzima, wakilipata hutulia. Akianza upya mkifika Makambako, mwombe kondakta akutafutie kiti kingine. Kusema kwamba pale jua linakupiga si uongo mkubwa.